Kinyozi Kwenye Mtihani wa Kulaza Watoto

Vinyozi wako wa kila aina, lakini kinyozi bubu sijasikia mwingine zaidi ya huyu. Si kwamba hakuwa na ulimi. Ulimi alikuwa nao, mzima kabisa, ila aliutunza kama watu wanavyotunza vikombe vya wageni. Mteja akikaa kitini anaulizwa "Vipi?", kichwa kikiisha anaambiwa "Tayari", na katikati ya maneno hayo mawili usitegemee kitu. Wateja walimpenda kwa hilo. Wanaotaka kusema duniani ni wengi kuliko wanaotaka kusikiliza, na mtu anayekushika kichwa huku amenyamaza ni dawa. Kwa hiyo duka lake, chumba kimoja chenye vioo viwili na benchi, lilikuwa na makelele kutoka kufungua mpaka kufunga: mpira, siasa, wake za watu, bei ya saruji, na redio juu ya kabati ikishindana nao wote.

Kwenye benchi hilo ndiko walikolelewa wanawe wawili. Mkubwa, mvulana wa miaka minne, wateja walimwita Mkaguzi, maana hapiti kitu bila kukiulizia kwa nini kipo. Mdogo, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kuunganisha maneno, aliitwa Kengele, na sababu ya jina hilo mtu haelezwi, anaisikia mwenyewe. Mama yao alikuwa mji mwingine, mbali kiasi cha usiku mzima wa treni, akisomea unesi. Alipoondoka, ndugu na majirani walimwonea kinyozi huruma nyingi. Mwanamume, peke yake, na watoto wadogo wale? Wiki haiishi. Wiki ikaisha, miezi ikaisha, watoto wakanenepa, na ile huruma ikageuka kinyongo, kwa kuwa hakuna kinachowakera watu kama balaa walilolitabiri kukataa kuja.

Siri ya kinyozi ilikuwa mashine. Jioni moja Kengele alikuwa akilia kwenye benchi, wanaume wanne wakibishana juu ya penalti, redio ikipiga kelele, na yeye kinyozi akimalizia kichwa cha mwisho. Mara akaona mtoto kalala. Akatazama mkononi, akaona mashine ya kunyolea inanguruma, akahitimisha kama wataalamu wote wanavyohitimisha, yaani kwa kuona jambo mara moja na kulipenda: ni mashine. Kuanzia siku hiyo akatenga mashine ndogo ya chaji kwa ajili ya watoto tu. Kila usiku, kwenye chumba chao nyuma ya duka, aliiwasha karibu na mto, na watoto wakalala. Kwamba chumba hicho kilitenganishwa kwa ukuta mmoja na kibanda cha kuonyeshea mpira, ambako watu walipiga mayowe mpaka usiku wa manane, hilo hakulitia maanani. Atawezaje kulitia maanani na mashine anayo mkononi?

Basi mke akamaliza masomo, akapata kazi hospitalini kulekule, akapanga nyumba, akapiga simu kwamba familia ihamie. Furaha ilidumu mpaka habari ilipomfikia mama mkwe.

Huyu mama mtaani kwake anaitwa Jemadari, na hajawahi kuuliza kwa nini. Alizaa saba, akalea saba, na kwa maelezo yake mwenyewe wote saba walikuwa wakilala kwa amri. Alikuja dukani, akaketi kwenye benchi, akaizima redio bila kumwomba mtu ruhusa, na wanaume waliokuwa wakibishana wakakumbuka ghafla kuwa wana makwao.

"Mwanangu atakuwa anaingia zamu za usiku," akasema. "Sasa nani atawalaza hawa?"

"Mimi, mama."

"Wewe."

Alilitamka hilo neno kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kimoja akaambiwa ni jozi.

"Nitapanda treni pamoja nanyi," akaendelea. "Nitajionea kwa macho yangu. Wakilala njiani kama watoto wa watu, haya, kaeni nao huko. Wasipolala, nageuza nao, wakakae kwangu mpaka wapate akili. Mwanangu nimeshaongea naye."

Ni kweli alikuwa ameshaongea naye. Jioni mke akamwambia kinyozi kwenye simu kwa sauti ya mtu aliyeshindwa vita zamani: "Mwache aje aone, mume wangu. Wakilala, yameisha. Wasipolala, mimi usiku niko wodini, nitafanyaje?" Kinyozi akasema sawa. Kisha akakaa gizani dukani, akaogopa. Aliwapenda watoto wale kupita kiasi, na wazo la kufungua duka huko ugenini bila mtu wa kumwuliza kwa nini kitana kina meno lilimuuma kifuani kabisa. Lakini mashine si ipo? Akaichomeka ichaji, moyo ukatulia.

Siku ya safari ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya duka. Alasiri akaingia mteja mmoja, dalali wa mnada, mtu wa sauti inayotangulia mwili. Kazi yake ni kusimama mbele za watu na kuuza makabati, na alikuwa ameizoea kazi hiyo kiasi kwamba hata kuomba maji ya kunywa aliomba kama anayapigia mnada.

"Ninyoe vizuri, fundi. Kesho nina mnada mkubwa, watu watanitazama mimi kabla ya mali."

Kinyozi wa kawaida angeuliza mnada wenyewe uko wapi. Wetu akasema "Vipi?", akaanza. Alipofika nusu, upande wa kulia umekwisha safi na wa kushoto bado kichaka, umeme ukakatika.

Mashine ya chaji ilikuwepo pale, kabatini, imejaa. Kinyozi akaitazama. Akamtazama dalali. Akawaza watoto, akawaza Jemadari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akamdanganya mteja.

"Zunguka kidogo, kaka. Umeme ukirudi tutamaliza."

Dalali akavaa kofia ya sufu, akatoka akilaani shirika la umeme. Kinyozi akafunga duka, akabeba mabegi na watoto, akakimbilia stesheni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini kinyozi alijipa moyo kwamba yeye anapita njia ya reli, na hiyo ni ndefu.

Chumba chao kwenye treni kilikuwa na vitanda vinne, viwili chini na viwili juu, na mlango wa kuteleza uliokataa kufunga mpaka ubembelezwe. Jemadari alichukua kitanda cha chini, watoto wakawekwa cha chini cha upande wa pili, kinyozi akapelekwa juu pamoja na mabegi. Mhudumu wa behewa alipoleta shuka na mablanketi, Jemadari alivinusa, akavikunja upya, akamweleza jinsi vinavyopaswa kukunjwa. Mhudumu akashukuru. Watu wengi humshukuru Jemadari, ni njia ya haraka ya kuondoka.

Kisha zikatangazwa kanuni za kulala. Maziwa ya uvuguvugu, yamenywewa. Miguu, imepanguswa. Pazia, limeshushwa. Taa, imezimwa. Na juu ya yote, kimya.

"Mtoto hulala kwenye kimya," akasema Jemadari. "Hilo hata paka anajua."

Akatoka koridoni kukitafuta hicho kimya. Vijana waliokuwa wakicheza karata akawaambia kuna watoto. Mama mmoja aliyekuwa akiongea na simu akaambiwa kuna watoto. Mzee aliyekuwa anakohoa akaambiwa pia, na kwa kweli akajitahidi. Mpaka anarudi kitandani behewa zima lilikuwa limenyamaza kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani, chuma tu kikisikika chini.

Katika utulivu huo mtamu, Mkaguzi akakaa kitako.

"Bibi, kwa nini hakuna watu?"

"Watu wapo, wamelala. Lala."

"Kwa nini wamelala kama hawaongei?"

"Lala."

"Bibi, treni ikitaka kukojoa inasimama wapi?"

Na Kengele, aliyekuwa akisikiliza giza kwa mashaka, akalia. Hakuanza taratibu. Jemadari akampakata, akampigapiga mgongo, akambembeleza kwa mtindo uliolaza watoto saba, na kadiri alivyonyamazisha ndivyo mtoto alivyotafuta sauti ya juu zaidi. Jemadari akabadilisha bega. Akabadilisha mtoto, akamchukua Mkaguzi, ambaye alitaka kujua kwa nini bega la bibi lina mfupa. Jasho likamtoka yule mama. Lakini hakuonekana kusikitika sana, na kinyozi huko juu aliliona hilo vizuri. Kila kilio kilikuwa kura yake.

"Haya, baba yao," akasema mwishowe, kwa upole uliotisha. "Shuka basi utuonyeshe."

Kinyozi akashuka na mashine yake. Akaiwasha karibu na mto. Ikanguruma. Kengele akapunguza kilio, akatega sikio, akakitazama kile kitu kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Mkaguzi akalaza kichwa. Jemadari akakunja uso. Kinyozi akaanza kutabasamu, kosa ambalo mtu mwenye akili halifanyi kabla ya kufika.

Mlango ukagongwa. Haukusubiri kubembelezwa, ukateleza wenyewe. Mlangoni alisimama mwanamume mwenye kofia ya sufu.

"Nimeisikia mashine," akasema. "Niko chumba cha pili hapo. Nikajiambia, hapana, haiwezekani, Mungu hanipendi kiasi hicho."

Akavua kofia. Mhudumu aliyekuwa nyuma yake na taa akamulika vizuri, na wote wakaona: upande wa kulia umenyolewa laini, upande wa kushoto msitu. Mkaguzi akauliza kama ni watu wawili.

"Nimezunguka, fundi," akasema dalali. "Uliniambia nizunguke, nimezunguka. Umeme umerudi, duka limefungwa, na treni yangu inaondoka. Nimezunguka mpaka nimefika hapa. Utamaliza."

Jemadari ndiye aliyejibu.

"Kumbe. Huyu ndiye mume wa mwanangu. Kichwa cha mtu kinamshinda katikati, halafu anataka kulea."

Maji akishayavulia nguo, afanyeje? Dalali akakalishwa juu ya begi, shuka la treni likamfunga shingo, mashine ikapanda upande wa kushoto. Ikapita mstari mmoja, katikati ya kile kichaka, kutoka sikioni mpaka utosini. Betri yake, iliyochoka kwa kuvuma kila usiku kando ya mto, haikuwa na nguvu za msitu. Ikakohoa. Ikafa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza, na siku ya mtihani chaji zote huisha. Ukiongeza kwamba soketi ya umeme ya chumba ilikuwa pambo tu, basi kilichobaki ni kichwa cha dalali, ambacho sasa hakikuwa nusu tena, kilikuwa na barabara. Na Kengele akafungua mdomo kwa awamu ya pili.

Hapo kinyozi akakata tamaa. Hakupiga kelele wala kulaumu. Alimtazama mama mkwe, akasema polepole, "Mama, wachukue. Umeshinda." Akageuka kutafuta mkasi ili mtu wa watu asifike kwenye mnada na aibu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na kukata nywele kwenye treni inayoyumba huku huoni vizuri si kazi ya kumshauri mtu.

Dalali hakuyaona hayo machozi. Alihisi tu mkasi unapita karibu na sikio, akaanza kusema. Akasema juu ya vinyozi, uaminifu wao na mababu zao. Akasema kwa sauti yake ya kazini, kana kwamba anatafuta mnunuzi wa kesi yake. Jemadari, ambaye alikuwa amepata alichokitaka na alipaswa kuridhika, akashangaa kujisikia amekasirika. Kumtukana mkwe wake ni haki yake yeye. Huyu mwenye nusu kichwa kapewa ruhusa na nani?

"Wewe kaka, punguza sauti, na umheshimu," akasema. "Amelea watoto wawili peke yake kwa mwaka mzima. Wewe umelea nini? Makabati?"

"Mama, mimi nina watoto watano."

"Na usiku huu nani yuko nao?"

Koridoni mtu akacheka. Vijana wa karata wakaja mlangoni, mama wa simu akaja, mzee wa kikohozi akaja akakohoa kwa uhuru. Mmoja akasema kosa ni la umeme. Mwingine akasema mwanamume asiyejua kulaza mtoto ni mvivu tu. Mama wa simu akauliza ni mwanamume gani aliyewahi kulaza mtoto, atajwe. Dalali akamjibu kwa makelele, Jemadari akamjibu dalali kwa makelele zaidi, mpira ukaingia sijui kupitia wapi, na bei ya saruji nayo ikafika. Kinyozi akakata, kimya, kichwa kikapendeza kidogokidogo.

"Na nyinyi mnaopiga domo," Jemadari akawageukia wote, akinyoosha mkono kuelekea kitandani, "hamwoni kuwa hawa watoto..."

Akakomea hapo. Mkaguzi alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Kengele alikuwa amelala juu yake, kidole mdomoni, makalio juu.

Watu wote wakanyamaza kwa mshangao. Na kimya kilipoingia, Kengele akakunja uso, akajigeuza, akaanza kuguna.

"Ongeeni," akasema mhudumu haraka. "Ongeeni jamani, nawaomba."

Dalali akasema kitu cha kwanza kilichomjia, yaani kabati la milango mitatu, halina mkwaruzo. Mtoto akatulia. Kinyozi alisimama na mkasi hewani, na hesabu ya benchi, redio, kibanda cha mpira na mashine ikajipanga yenyewe kichwani mwake. Mwaka mzima amechaji mashine bure.

Wakakubaliana kupokezana. Dalali aliuza vyombo vya nyumba nzima, kisha akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaridhika, akasamehe, akaenda kulala. Vijana wakasimulia mechi. Mzee akakohoa zamu yake. Mmoja mmoja wakachoka, wakaondoka, na kinyozi alipojaribu kushika zamu alitoa "Vipi?" na "Tayari", akaishiwa. Jemadari akamfukuza juu kitandani, akachukua zamu iliyobaki ya usiku.

Alianza na anachokijua, yaani makosa ya mkwe wake. Aliyasema kwa mpangilio, tangu siku ya posa. Lakini hata makosa ya mkwe yana mwisho, na usiku wa treni ni mrefu. Yalipomwishia, na mtoto akiguna kila anapotulia, ilibidi aseme chochote kilichobaki. Na kilichobaki ndicho alichokuwa hajamwambia mtu.

"Nyumba yangu sasa mtu unasikia mchwa," akasema gizani. "Saba wameondoka. Huyu wa mwisho ndiye mama yenu. Nikienda kulala naiacha redio jikoni inaongea. Siisikilizi. Nataka tu kusikia mtu mwingine yumo ndani." Akanyamaza kidogo, mtoto akaguna, akaendelea. "Baba yenu anajua kulea. Nimemjua tangu mwezi wa kwanza kwamba anajua. Ningekiri hivyo, ningewapata kwa sababu gani?"

Kinyozi alikuwa macho. Alikuwa akitazama bati la dari, akasikia neno kwa neno.

Asubuhi treni ikaingia stesheni. Mkewe alikuwa amesimama pale na sare ya hospitali, ametoka zamu moja kwa moja, akitazama dirisha moja baada ya lingine kama aliyepoteza mzigo. Kinyozi akashuka na watoto mabegani, wote wawili wamelala katika makelele ya wapagazi. Mkewe akawakumbatia watatu kwa pamoja, akalia, akacheka, kisha akainua macho kwa mama yake aliyebaki mlangoni mwa behewa na begi lake, akauliza kile ambacho kwenye simu hakuwa na ujasiri wa kukiuliza.

"Mama. Walilala?"

Jemadari alimtazama kinyozi. Kinyozi alitazama chini.

"Fofofo," akasema Jemadari. "Baba yao ndiye kawalaza. Kaeni nao. Mimi sishuki, nitageuza na treni hii hii."

Uso wa mkewe ukang'aa. "Na nyumba mtaipenda," akamwambia mumewe. "Mtaa umetulia mno. Hata mbwa hawabweki. Ukiingia ndani husikii kitu kabisa."

Kinyozi akawatazama watoto waliolala katikati ya makelele. Akamtazama mama mkwe wake, ambaye mwaka mzima yeye kinyozi alikuwa akiomba dua akae mbali naye, na ambaye sasa, kwa rehema ya Mungu, alikuwa anaondoka mwenyewe bila kusukumwa. Ilibaki anyamaze tu, na kunyamaza ndiyo fani yake.

"Mama," akasema, "teremka."

"Niteremke niende wapi?"

"Nyumbani. Mimi sijui kuongea. Usiku mwanao hayupo, watalala vipi?"

Jemadari akalishika begi kwa mikono miwili.

"Kwani mimi nina kelele?"

"Sana, mama."

Mpagazi akaomba njia, Jemadari akampisha. Kisha akamkabidhi kinyozi begi, akashuka ngazi moja baada ya nyingine, na kabla mguu wa pili haujakanyaga chini alikuwa ameshaanza kueleza kwamba mtoto habebwi hivyo.